Mfupa haujui kama unaipenda kazi yako

Kapu la wiki hii limejaa mabinti wenye mambo mawili kwa pamoja: mifupa imewatia hofu, na kazi imewachosha. Mmeandika kumi na saba. Tisa hamkutaja umri, na karibu wote hamkusema kama hedhi inakuja kila mwezi. Nilishasema mara ngapi? Nilipiga picha za mifupa kwa miaka 19 kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo msidhani nauliza habari za hedhi kwa umbeya. Barua ambazo siwezi kuzijibu bila habari hizo nimeziweka kando. Zilizobaki nazijibu, na nyingine zitapata mstari mmoja kwa sababu hazihitaji zaidi.

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, ni mhasibu. Niliteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mkono. Nikapimwa wingi wa madini kwenye mifupa, karatasi inasema alama ya T ni −2.6 kwenye uti wa mgongo. Aliyenipa majibu akasema nina mifupa ya bibi wa miaka 70. Tangu siku hiyo naona maisha ni mafupi. Nimeandika barua ya kuacha kazi ili nichore vitabu vya watoto, ndoto yangu tangu shule. Niipeleke?

Marahaba, mwanangu. Barua iache kwenye droo, tuanze na hiyo karatasi.

Aliyekwambia una mifupa ya bibi ama alitaka kukutisha ama hakujua anachokisoma. Alama ya T hulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Mpaka wa −2.5 ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka mwaka 1994 ulikusudiwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Kwa anayeendelea kupata hedhi tunasoma alama ya Z, inayomlinganisha na watu wa umri na jinsia yake. Ikiwa −2.0 au chini ya hapo tunaandika kwamba mfupa uko chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri huo, kisha tunaanza kutafuta sababu. Kwa miaka 28 alama hizo mbili hazipishani sana, kwa hiyo sikuambii kwamba mashine imekosea. Ninachokuambia ni kwamba namba ileile haina uzito ule ule kwa watu wawili. Umri wenyewe huongeza hatari ya kuvunjika, hata kama madini yamelingana, na bibi huyo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wewe. Tena mashine ile hupima eneo la mfupa, haipimi unene wake kwenda ndani. Mtu mwenye umbo dogo huonekana ana madini machache kuliko aliyonayo.

Usianze kupiga vigelegele lakini. Kilichonishtua katika barua yako ni hilo bafu. Kuvunjika kwa kuteleza tu ukiwa umesimama, pamoja na alama ya namna hiyo, ni jambo la kufuatiliwa hadi mwisho. Kwa mwanamke kijana, mifupa ikilegea, mara nyingi kuna kitu kimeilegeza. Hedhi yako iliwahi kukata kwa miezi? Umewahi kujinyima chakula ukapungua sana? Umetumia vidonge vya steroidi kwa pumu, ngozi au maumivu ya viungo kwa miezi mitatu au zaidi? Unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu? (Sindano hiyo hupunguza madini kidogo, na mengi hurudi ukiiacha. Haikuvunji mkono peke yake, lakini itajwe.) Unaharisha mara kwa mara au tumbo hujaa gesi ukila ngano? Mama yako au bibi yako aliwahi kuvunjika nyonga? Nenda na majibu hayo kwa daktari wa homoni au wa magonjwa ya ndani, mwombe apime kalsiamu, fosfati, figo, ini, vitamini D, tezi ya thairoidi, homoni ya paradundumio (inayoongoza kalsiamu kwenye damu), picha nzima ya damu, na kingamwili za siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo kukataa ngano. Kama kuna chanzo, kikitibiwa mifupa ya umri wako bado ina nafasi ya kurudisha. Mwili hubadilisha karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake kila mwaka, usisahau hilo unapojiita bibi.

Na kipimo usikirudie baada ya miezi mitatu kwa kiherehere. Mfupa huenda polepole. Subiri mwaka mmoja au miwili, na urudie kwenye mashine ileile, kwa sababu mashine mbili hazisomi sawasawa.

Sasa barua yako. Kama bima ya matibabu unaipata kwa mwajiri, vipimo vyote nilivyotaja vifanywe kabla jina lako halijafutwa kwenye orodha. Hili nawaambia kila mwaka na kila mwaka kuna anayeniandikia amechelewa. Anaacha kazi kwa mbwembwe Ijumaa, Jumatatu anaambiwa apigwe picha ya sumaku (MRI).

Halafu kuna dhana moja ambayo sitaacha kuipiga vita: kwamba kazi ya sanaa ni mapumziko. Mchoraji wa vitabu hukaa kitini kuliko mhasibu. Mhasibu ana mikutano, ana kabati la mafaili, ana bosi wa kumkimbia. Mchoraji akikaribiwa na siku ya kukabidhi kazi hukaa saa kumi bila kuinuka, shingo imeinama, jua analiona dirishani tu. Daktari wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaobebeshwa. Wanaanga walituonyesha upande wa pili wake: wakielea huko juu bila uzito wa mwili, hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi, watu waliochaguliwa kwa afya njema. Mfupa haujui kama unaipenda kazi yako. Unajua tu kama umebebeshwa kitu.

Ushauri wangu ni huu. Chora kitabu kimoja kizima ukiwa bado mhasibu. Kitabu cha picha cha watoto huwa na kurasa 32, na tabia ya mhusika kubadilika sura kutoka ukurasa wa 5 hadi wa 20 ndiyo inayowamaliza wanaoanza. Karibu kila mtu huzipenda kurasa tatu za kwanza. Ukifika ya 32 na bado unataka ya 33, itoe barua kwenye droo. Uhasibu usiudharau, wachoraji wanaojua kuandika ankara na kudai deni wanahesabika kwa vidole.

Na hukusema ulivunjika mkono upi! Kama ni ule unaochorea, nenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kalamu.

Je, kualisha vidole huharibu mifupa?

Hapana. Ule mlio ni wa gesi ndani ya majimaji ya kiungo. Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 ili alinganishe na mwingine, hakuona tofauti ya baridi yabisi, wakampa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2009. Swali hili lisirudi.

Nina miaka 23, ni mcheza dansi. Hedhi haijaja miezi saba, nashukuru kwa sababu inanisumbua jukwaani. Nina maumivu kwenye muundi yanayozidi nikiruka, eksirei haikuonyesha kitu. Nafikiria kuacha kucheza nihamie kubuni mavazi ya jukwaani. Unashauri nini?

Unashukuru nini, mwanangu? Hedhi inayokata kwa miezi saba bila mimba ni mwili unaozima taa za vyumba ambavyo hauwezi kuvilipia umeme. Umekula kidogo kuliko unachokitumia mazoezini, ubongo umepunguza homoni, estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, na ndiyo inayozuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Wataalamu wa michezo wameufahamu utatu huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: chakula kisichotosha, hedhi iliyokata, mfupa uliolegea. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua maelezo yake, kwa kuwa moyo, kinga ya mwili na hata hasira za mtu huguswa pia. Hedhi ikikosa miezi mitatu mtu anakwenda hospitali. Wewe umesubiri saba.

Kuhusu muundi: eksirei ya mapema mara nyingi haioni ufa wa uchovu wa mfupa. Nimewahi kupiga picha safi kabisa, msichana akarudi wiki ya tatu mfupa umeanza kufanya kovu, na ndipo ufa ukaonekana. Picha ya sumaku huuona mapema. Mpaka upigwe, usiruke. Na kama maumivu yatahamia kinenani, usitembelee mguu huo hata kwenda dukani; ufa wa shingo ya fupa la paja ukiachwa hukatika kabisa, na hapo ni upasuaji.

Kuna atakayekupa vidonge vya majira ili "hedhi irudi". Damu itatoka, ndiyo, lakini ni damu ya vidonge, na mifupa yako haitakuwa imelindwa. Dawa ya kwanza ni chakula cha kutosha na kupunguza mazoezi. Inakera kwa sababu haiuzwi.

Mavazi ya jukwaani? Nenda, kwa sababu aliyecheza anajua mshono unapasukia wapi. Ila usiende kwa kukimbia sahani. Nimeona wengi wanaoacha jukwaa na kubaki na njaa ileile mbele ya cherehani.

Nitumie kalsiamu ya kampuni gani?

Barua ya nne mwezi huu. Sitaji kampuni. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku *kwa jumla*, chakula kikiwemo, na vitamini D vizio vya kimataifa (IU) 600. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300. Samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao nao wamo, na mboga za majani nyingi. Mchicha wa spinachi usiutegemee: kalsiamu anayo, lakini ameishikilia kwa asidi ya oksaliki na mwili huambulia kidogo sana. Hesabu unachokula kwanza, kisha jazia pengo tu. Kidonge kisizidi miligramu 500 kwa mkupuo, zaidi ya hapo hakifyonzwi vizuri. Kile cha kalsiamu kaboneti kimezwe pamoja na chakula. Kama unameza dawa ya thairoidi, achanisha kwa saa nne, na vidonge vya madini ya chuma navyo visipandishwe gari moja.

Anayeongeza vidonge "kwa usalama" anajitafutia mawe ya figo.

Shangazi, nina sikoseli, umri miaka 31, mwalimu. Nyonga ya kulia inauma tangu mwaka jana, nachechemea jioni. Nimechoka kusimama darasani, nataka kuacha nifanye ufinyanzi nyumbani kwa sababu ni kazi ya kukaa. Mama anasema ni maumivu yangu ya kawaida ya sikoseli.

Pole sana, na mama mpe salamu umwambie hapana. Maumivu ya kipindi cha sikoseli huja na kuondoka. Ya mwaka mzima, mahali pamoja, yanayokufanya uchechemee, yana jina jingine mpaka ithibitishwe vinginevyo: kufa kwa kichwa cha fupa la paja. Kichwa hicho hulishwa na mishipa myembamba, seli zenye umbo la mundu huiziba, mfupa hukosa damu, hufa kimyakimya, kisha siku moja hubonyea kama ganda la yai. Kabla ya kubonyea kuna mambo ya kufanya, ikiwemo kutoboa mfupa kupunguza shinikizo na mazoezi maalumu. Baada ya kubonyea mazungumzo huwa ya kubadilisha nyonga, na nyonga ya bandia kwa mtu wa miaka 31 itakuja kubadilishwa tena. Eksirei ikiwa safi mwanzoni usiridhike, omba picha ya sumaku, na wapige nyonga zote mbili, kwa sababu ya pili hupenda kufuata.

Hapo naomba daktari wako wa sikoseli ajue kila steroidi na kila pombe inayoingia mwilini mwako. Zote mbili hufanya kazi ileile mbaya kwenye mishipa ile.

Ufinyanzi, mwanangu, nani alikwambia ni kazi ya kukaa? Udongo unakuja kwa magunia. Unakandwa kwa uzito wa mwili mzima. Gurudumu la kukanyaga linamtaka mtu apige teke kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe kwa kawaida ni wa kulia. Tanuri hupakiwa kwa kuinama. Kwa nyonga yako hiyo ni adhabu. Lakini kuna ufinyanzi wa mkono, wa kujenga chombo kwa nyuzi za udongo au vipande bapa, juu ya meza inayofika kiwiko, kwenye kigoda kirefu kinachokuacha nyonga imenyooka nusu. Agiza udongo uliokandwa tayari, kwa vifurushi ambavyo mtu mwingine anavibeba. Sakafu pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Vumbi la udongo lina silika (madini ya mchanga) na mapafu ya mwenye sikoseli hayana ziada ya kuchezea. Kunywa maji kama darasani, pengine zaidi, maana karibu na tanuri mtu hukauka bila kujua.

Kabla ya kuacha ualimu, omba kiti darasani. Umechoka kufundisha, au umechoka kusimama? Hayo ni magonjwa mawili, na la pili lina tiba ya bei ndogo.

Kuna dawa ya unga ya mitishamba, rafiki yangu aliipata, maumivu ya mgongo yaliisha siku moja. Nami nimeitumia miezi minne, nimenenepa uso na nina nguvu. Naandika tamthilia sasa badala ya kazi ya benki, sitaki kurudi kwenye maumivu. Ina madhara?

Uso umekuwa wa duara, siyo? Na michubuko inakuja bila kugongwa, na mapajani kuna michirizi ya zambarau?

Mitishamba haiondoi maumivu ya mgongo kwa siku moja ikakujaza uso kwa miezi minne. Steroidi hufanya hivyo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata tena na tena "mitishamba" ya viungo iliyochanganywa kwa siri na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Hupunguza maumivu kweli, na wakati huohuo hula mfupa, haraka zaidi katika miezi ya mwanzo. Wenzako wanaopaka krimu kali za kung'arisha ngozi wasicheke: nyingi zina klobetasoli, steroidi ya ngozi, ambayo ukiipaka mwili mzima kwa miezi huingia kwenye damu na kufanya yaleyale. Hilo sikuulizwa, nimelisema.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa watu hufa. Usiiache ghafla. Tezi za juu ya figo zimelala kwa sababu ulikuwa unazifanyia kazi yao. Ukikata siku moja unaweza kuanguka, presha ikashuka, ukatapika hadi kuzimia. Chukua pakiti yenyewe, nenda nayo hospitali leo, waambie umetumia muda gani na kiasi gani, wakupunguzie hatua kwa hatua na wapime mifupa. Na mgongo wenyewe ambao hakuna aliyeuchunguza, nao uchunguzwe. Pingili iliyobonyea huuma sana.

Tamthilia itakusubiri wiki mbili.

Ni kweli kwamba maumivu humkuza msanii? Frida Kahlo asingevunjika asingechora.

Kila msimu mnaniletea Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko. Haya. Alikuwa na miaka 18, Septemba 1925, basi alilopanda likagongana na tramu. Uti wa mgongo, nyonga na mguu vikavunjika. Alikuwa anajiandaa kusoma udaktari. Kitandani wakamtengenezea kibao cha kuchorea akiwa amelala na kioo juu yake, akajichora. Hiyo mnaijua. Mnachokisahau ni kwamba baba yake alikuwa mpiga picha, rangi zilikuwamo nyumbani, na kulikuwa na mtu wa kumtengenezea kibao. Waliovunjika migongo mwaka ule bila kibao hatuna majina yao.

Mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec alivunjika paja moja akiwa na miaka 13, la pili mwaka uliofuata, na miguu ikaacha kurefuka. Wazazi wake walikuwa binamu wa damu, na madaktari wa karne ya 20 wanadhani alirithi ugonjwa wa mifupa uitwao piknodisostosi. Alichora usiku wa Paris kama hakuna mwingine. Pia alikunywa hadi akafa na miaka 36. Mpiga piano Mfaransa Michel Petrucciani alizaliwa na mifupa ya kioo, hakuzidi mita moja kwa urefu, alitumia kifaa maalumu kufikia kanyagio za piano, na alifanya maonyesho mfululizo mpaka akafariki mwaka 1999, naye akiwa na miaka 36. Mnayaona maumivu yakiwakuza. Mimi naona watu wawili waliokuwa na kipaji tangu mwanzo, na mazoezi ya saa nyingi, na miili iliyowakatisha wakiwa vijana.

Anayesubiri maumivu ndipo aandike ataandika kidogo. Ukiwa na maumivu makali huwezi hata kuchonga penseli.

Mteja anataka nimchoree nembo. Anasema nimpe haki zote, malipo baada ya kazi, na ataniandika jina mtandaoni nijulikane. Nilivunjika kiuno, siwezi kurudi kwenye kazi ya zamani, naogopa kumpoteza.

Mpoteze.

Au, kama una moyo, mjibu hivi: arubuni nusu kabla ya mstari wa kwanza, marekebisho mawili ndani ya bei, la tatu linalipiwa. Kuhusu haki, tofautisha kuhamisha hakimiliki na kumpa mtu ruhusa ya kutumia. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na nchi karibu zote, mchoro ni wako tangu unapouchora, bila kusajili popote, na ulinzi huendelea kwa uchache miaka 50 baada ya kifo chako. Wazo tupu halilindwi, kwa hiyo usimwonyeshe rasimu tano kabla ya arubuni. Nembo ni kitu ambacho mteja anaweza kutaka kukimiliki kabisa, na hilo si dhambi, ila umiliki kamili una bei yake na huandikwa kwenye mkataba. Usikubali kwa ujumbe wa simu.

Mgonjwa akiona hana njia nyingine hukubali bei yoyote, na wateja wa namna hii wana pua ya kumnusa. Ukiandikiana naye, habari za kiuno zako usimweleze.

Binti yangu mwenye mifupa dhaifu ameacha uhandisi anataka kuimba. Nimzuie vipi?

Ana miaka mingapi? Hukusema. Kama amepita 18, humzuii. Muulize lini alipimwa mara ya mwisho, kisha nenda ukamsikilize akiimba.

Nina miaka 33, natumia dawa ya mifupa ya kumeza mara moja kwa wiki, daktari mwingine kanishauri nihamie sindano ya kila miezi sita. Nimeolewa mwaka huu, tunataka mtoto, na nimejiajiri kama mpiga picha za harusi. Ipi bora?

Je, hao madaktari wawili wanajua mnataka mtoto? Kwa barua yako naona hapana.

Ile ya kila wiki, kama ni ya jamii ya alendroneti, hujichimbia ndani ya mfupa na hutoka kwa miaka mingi, hata zaidi ya kumi. Ndiyo maana kwa mwanamke anayetarajia kuzaa huandikwa kwa kusita, na kuacha wiki moja kabla ya mimba hakubadilishi kitu. Sindano ya miezi sita, denosumabu, hairuhusiwi katika ujauzito, na ina ukali wa pili: ukiikatisha bila dawa nyingine ya kushika nafasi, mfupa hurudi nyuma kwa kasi na pingili kadhaa huweza kubonyea kwa pamoja. Aliyejiajiri, ambaye msimu mmoja ana pesa na mwingine hana, asianze dawa isiyosamehe kuchelewa kabla ya kufikiri mara mbili. Waweke madaktari wote kwenye jambo moja, wakiwa na kalenda yenu ya mtoto mezani. Kunyonyesha nako huchukua asilimia 3 hadi 5 ya madini, ambayo kwa kawaida hurudi baada ya kuachisha. Wewe unaanzia chini, kwa hiyo lipangwe mapema.

Kamera mbili shingoni siku nzima ya harusi, hapana. Mkanda wa kiunoni au msaidizi. Na usiiname mbele ukiwa umebeba kitu ili upate picha ya maua ya chini. Piga magoti, mgongo wima.

Kiti gani kizuri kwa mtu anayechora siku nzima?

Miguu ifike sakafuni, kiwiko kilingane na meza, na ubao uinuliwe mteremko ili shingo isiende chini. Cha bei kubwa si lazima. Weka rangi na maji ya kuoshea brashi chumba kingine, uwe unavifuata.